Nchi Aliyoiona Wifi Yangu

Wifi yangu alinidanganya kuhusu desturi za ugenini, nikamwamini, na kwa sababu hiyo mjukuu wangu analelewa na bibi yake wa upande wa pili. Ninalisema hili mapema, maana watu nikiwasimulia hucheka kwanza, halafu wanasahau kwamba kuna mtu aliumia.

Wifi huyu, dada wa marehemu mume wangu, ana saluni ya viti vitatu na kioo kimoja. Miaka iliyopita alikwenda ng'ambo kutibiwa macho, akafikia kwa mwanangu anayeishi kule, akakaa mwezi mmoja. Mwezi ule haujaisha mpaka leo. Ukilalamika kwamba jua ni kali, atakueleza jua la kule. Mtu akipiga chafya, atakuonyesha wenzetu wanavyopiga chafya. Wateja walimbandika jina la Mama Ng'ambo kwa kumcheka, naye akaliandikisha kwenye kibao cha saluni.

Mimi nafua na kupiga pasi nguo za watu. Shule sikwenda, ndege nilikuwa naiona ikipita juu. Mwanangu alipopata mtoto wa kwanza alinipigia simu. Mke wake, binti wa kule kule, alikuwa anakaribia kurudi kazini, na walihitaji mtu wa kukaa na mtoto. Ama niwe mimi, ama mama mzazi wa yule binti, anayeishi mji mwingine. Mwanangu alinitaka mimi. Alisema niende tu wanione, na wakinizoea nitabaki.

Nikaenda saluni kuuliza. Wifi alikuwa amemshika mteja kichwa, na hakumwachia. Alinifundisha mbele ya kadamnasi, kitana mkononi.

"Sikiliza, wifi. Kule chakula kinaliwa mtu amesimama. Na anayekula haongei. Ukifungua mdomo umejiaibisha."

"Na mtoto je?" nikauliza, maana safari yangu ilikuwa ya mtoto.

"Mtu mzima wa umri wako habebi mtoto. Mtoto analazwa mezani, anatazamwa."

"Akilia?"

"Anatazamwa zaidi."

Yule mteja, kidevu kifuani, akauliza watoto wa huko wanakuaje basi. Wifi akamwinamisha zaidi na kumwambia wenzetu wana utaratibu wao.

Nilifika usiku, mtoto na mama yake wamelala. Asubuhi nikasimama kwenye dirisha la jiko. Jengo la pili lilikuwa karibu, na katika dirisha lililoelekeana na letu nilimwona mzee mwembamba, sahani mkononi, anakula amesimama, kimya kabisa. Asubuhi ile pazia fupi la dirisha lake lilinifichia alichokuwa nacho mbele yake. Nikasema moyoni, wifi yangu, Mungu akuzidishie.

Mchana akaja mkwe mwenzangu, mama wa yule binti. Mwanamke mnene, mpole, magoti mabovu, anatembelea mkongojo. Meza iliandaliwa na viti vikasogezwa. Viti vile nikavihesabu pambo. Nikachukua sahani yangu, nikaenda kusimama kando ya kabati, nikaanza kula.

Mwanangu akaniambia nikae. Sikumjibu, kwani nilikuwa na tonge mdomoni. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Akarudia, nami nikarudia kutikisa. Wale wakwe wakanong'onezana. Kisha mkwe mwenzangu, ambaye kwa kweli ni mtu muungwana, akaamua kwamba hiyo ndiyo mila ya kwetu na kwamba mgeni asiachwe peke yake. Akainuka. Binti yake akainuka. Tukala wote wima kama watu wanaosubiri mvua ikatike. Mama wa watu ameshika sahani mkono huu na mkongojo mkono huu, hana mkono wa kijiko. Nilimwonea huruma, lakini nikajiambia ndivyo walivyozoea. Mwanangu, anayevijua viti vya nyumbani kwetu kimoja kimoja, alinitazama kama mtu aliyepelekewa mama asiye wake.

Ndipo mtoto akalia chumbani. Mama yake akamleta, akaninyooshea.

Nilimtaka yule mtoto kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikaweka mikono nyuma. Yule binti akabaki amemnyoosha. Nikadhani hajanielewa, nikamwonyesha meza kwa kidevu, pale katikati ya sahani. Mtoto akazidi kulia, nami nikazidi kumtazama, tena kwa tabasamu. Mkwe mwenzangu akaweka sahani chini, akaketi, akampakata. Mtoto akanyamaza.

Kesho yake yule bibi aliondoka naye.

Mwanangu alirudi kutoka kuwasindikiza akaniuliza, "Mama, kwani mtoto umemkataa?"

"Nimkatae! Nimefuata desturi."

"Desturi ya nani?"

Nikamweleza nilivyofundishwa. Alicheka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka ghafla, akanishika mkono. Tukashuka, tukavuka ua, tukapanda mpaka mlangoni kwa yule mzee wa dirishani. Mzee ni fundi wa midoli ya watoto. Mgongo unamsumbua, akiketi hainuki, kwa hiyo anafanya kazi amesimama na kula amesimama. Haongei kwa kuwa anaishi peke yake. Mezani midoli ilikuwa imelala chali, mingine haina mkono, inasubiri kutazamwa.

Wifi yangu, mwanangu akaniambia, alikaa kwake mwezi mzima jicho moja likiwa na bandeji. Aliogopa lifti, akaogopa barabara. Ukiacha siku za hospitali hakutoka nje. Alivuta kiti hadi dirisha la jiko, akaangalia. Nchi nzima aliyoturudishia saluni ilikuwa ni yule mzee.

Mzee alipoelezwa alinionea haya, akachukua mdoli mmoja akanipakatisha. Huyo ndiye mtoto wa kwanza na wa mwisho niliyembeba katika nchi ile.

Mwanangu aliwaeleza wakwe zake. Mke wake aliamini nusu. Mama mtu alikataa. Alisema mtoto mwema humsitiri mama yake, lakini hakuna binadamu anayeweza kutunga nchi nzima kutoka dirisha la jiko. Simlaumu. Hamjui wifi yangu.

Niliporudi, begi halijafunguliwa, nilikwenda saluni nikamwambia yote mbele ya wateja wake. Hakuacha kusuka.

"Lakini wifi, si walisimama wote?"

"Walisimama kwa ajili yangu."

"Walisimama. Wewe mwenyewe umesema." Akawageukia wateja. "Na hilo la watoto, siku hizi watakuwa wamebadilika."

Sasa kisa cha mkwe mwenzangu na mkongojo wake anakisimulia yeye, kama ushahidi.

Mwanangu anasema yule bibi ataamini akisikia kutoka kwa aliyesema mwenyewe. Simu ninayo, na mwanangu yuko tayari kutafsiri. Kwa hiyo ninachomdai wifi yangu ni maneno machache tu, ayatamke mbele ya viti vyake vitatu, na mkwe mwenzangu akisikiliza: kwamba hakuiona nchi ile, aliona dirisha, na kwamba mimi, niliyemlea mwanangu mgongoni huku nikipiga pasi, najua kubeba mtoto.