Mabeseni ya Mama Aneth

Mama Aneth wa Didia hajui kuinamisha kichwa, na mimi jirani yake nampendea hilohilo. Wengine hununua molasi wakalishia ng'ombe. Yeye huichemsha na maji, huiacha ipoe, huitia chachu, kisha huifunika kwenye mabeseni chumbani. Baada ya majuma mawili juu ya maji huwa umeota utando mweupe, mnene. Huukausha, huupaka mafuta ukawa kama ngozi, na fundi viatu wa Maganzo huununua akakatia kandambili. Ndiyo riziki yake tangu afiwe na mumewe. Sharti ni moja tu: beseni likitikiswa, utando unazama na kazi inaanza upya.

Lakini kwetu molasi na chachu vikikutana, watu hunusa gongo, pombe haramu. Jumapili, tumetoka kanisani, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na filimbi zao, kamanda Masele mbele. Bila hata hodi wakayabeba mabeseni mpaka uani, yakiyumba.

"Shikamoo, kamanda," Mama Aneth akasema kwa hasira.

"Marahaba. Mwaga hiyo pombe, Mama Aneth."

"Simwagi."

Masele hajibiwi hivyo. Sungusungu wakikutenga, hata kaa la moto jirani hakupi.

Mama Aneth akachota kikombe, akakimwaga kwenye jiko lililokuwa likiwaka. "Gongo huwaka. Hii je?" Moto ukazimika. Akachota cha pili, akampa kamanda. "Kunywa. Ukilewa, namwaga yote na faini natoa."

Kwa macho yote yale, angekataaje? Masele akanywa, uso ukamkunjamana kama mtoto aliyelambishwa ndimu. Tukasubiri alewe. Wapi!

"Ni kama siki," akanung'unika. "Basi, yameisha."

"Hayajaisha, kamanda." Mama Aneth akafunua beseni: utando umechanika, umezama. Nilitamani kulia. Yeye hakulia. "Anayeharibu mali ya mwenzake, sheria yenu inasemaje?"

Faini hiyo, kulipa ulichoharibu, Masele mwenyewe huitangaza kila mkutano.

Kesho yake asubuhi nilimwona Masele akikokota baiskeli, debe la molasi limefungwa nyuma.

"Mwangaluka, Mama Aneth," akasalimu Kisukuma, kwa sauti ya chini.

"Mwangaluka. Liweke hapo. Sasa yarudishe mabeseni ndani," akasema, mikono kiunoni. "Na ole wako utikise."