Desemba Tuliyokatia Tiketi za Meli

Harufu ya plastiki mpya ndiyo iliyonilea. Duka la Baba lilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nasi tuliishi juu yake, ghorofa ya kwanza, kwenye vyumba vitatu vilivyotazamana na paa la mabati la jirani. Mabeseni, ndoo na majagi yaliyorundikwa chini yalipata joto kuanzia asubuhi, na ilipofika saa saba mchana harufu yake ilikuwa imeshapanda ngazi na kuingia kwenye mapazia, kwenye madaftari yetu ya shule, hata kwenye wali. Mgeni aliyekuja kwetu alikuwa akifungua dirisha bila kuombwa. Sisi tuliizoea kama watu wa Feri walivyozoea harufu ya samaki. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu Manka alikuwa na sita, na joto la Oktoba lilikuwa limeanza kubana mji, siku Baba alipopanda ngazi na ramani iliyokunjwa kwapani, akaibandika nyuma ya mlango wa sebule kwa gundi ya karatasi.

Ilikuwa ramani ya pwani yote, tangu Mtwara hadi Lamu. Baba alichukua kalamu nyekundu akachora mstari: Dar es Salaam, kushuka Kilwa, kupanda Unguja, Mombasa, kisha Lamu, na kurudi. Siku nane ndani ya meli ya abiria, akasema, na kila bandari tutashuka kuona mambo ya kale. Alikuwa ameshakata tiketi nne kwenye ofisi moja karibu na bandari. Manka alishangilia. Mama, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa. Aliuliza jambo moja tu. "Na Krismasi?" Baba akafunika kalamu yake. "Krismasi itatukuta baharini, Mama Aika."

Asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wa jibu lile. Sisi ni watu wa Marangu, na Mchaga mwenye duka Kariakoo asipoonekana kwao mwezi wa Desemba, watu huuliza kama amefiwa au amefilisika. Mabasi hujaa, mitaa yetu hupwaya, na makufuli hutundikwa milangoni hadi mwaka mpya. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akituhesabu mmoja mmoja tukishuka kwenye gari, akitugusa vichwa, ndipo aruhusu mizigo iingie ndani. Kwa hiyo kusema Krismasi itatukuta baharini ilikuwa sawa na kusema tumehama ukoo.

Sababu niliijua, maana nilikuwapo. Krismasi iliyotangulia, Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliyebaki Marangu kwenye kihamba, shamba la migomba la babu, alichinja mbuzi kama desturi na kuanza kugawa nyama. Kwetu kila mtu ana sehemu yake kwa nafasi yake katika ukoo, na hakuna anayechanganya. Ilipofika zamu ya Baba, Baba Mkubwa alimpita, akampa kijana wa jirani ile sehemu, na kusema mbele ya wazee, "Huyu wa Dar amezoea samaki, nyama ya nini?" Watu wengine walicheka. Baba alinawa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akatutafuta mimi na Manka kwa macho, na kesho yake alfajiri tukapanda basi. Tangu siku ile hakulitaja jina la kaka yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio ile ramani.

Lakini nisimdhulumu baba yangu. Meli aliitaka kweli. Alipofika mjini akiwa kijana, kabla ya duka, alifanya kazi ya ukuli bandarini miaka minne. Aliwahi kunipeleka Jumamosi moja hadi kwenye uzio akanionyesha geti walilokuwa wakiingilia, akaniambia kwamba ameshusha mizigo ya meli zisizo na idadi na hajawahi hata mara moja kupanda ngazi ya abiria. Aliyasema hayo taratibu, akiwa ameshika nyaya za uzio. Nilimhurumia, nikajiona nina deni la kuifurahia safari ile kwa niaba yake.

Akanifanya karani wa safari. Alininunulia daftari kubwa la kaunta, akaniagiza niandike kila bandari na yaliyomo, ili tukishuka tusizubae kama kondoo. Mwalimu wangu alikuwa Bi Salma, jirani yetu wa chini, mwenye duka la kanga na madira. Bi Salma alikuwa wa kabila la Waarabu wa Lamu, mjane, mwenye mabinti watatu na sauti ya upole. Kila nilipotoka shule nilimwamkia, nikakaa kwenye kiti kifupi, naye akinikunjulia bandari moja moja huku anakunja kanga. Alinieleza msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani uliobaki magofu na nguzo zake, akaniambia kuwa meli hutia nanga mbali na watu huletwa ufukweni kwa mashua. Alinieleza milango ya Mji Mkongwe, kuta za Ngome ya Yesu, na vichochoro vya Lamu ambamo ukikutana na punda mwenye mzigo ni wewe unayempisha. Alipofika Lamu alikuwa akisahau kukunja kanga. Siku moja akaniuliza, bila nia mbaya, "Na bibi yako wa Moshi, mwanangu, naye anapanda?" Nikafungua kurasa moja moja nikitafuta. Kwenye daftari langu lote, jina la Bibi halikuwapo.

Novemba ilipoingia, nyumba yetu iligawanyika pasipo mtu kupandisha sauti. Kwenye korido, upande wa kulia, Baba aliweka begi jipya jeusi, na kila siku aliongeza kitu: kofia za jua, dawa za kichefuchefu, vyeti vyetu vya kuzaliwa ndani ya bahasha, picha ndogo tulizopigwa kwa ajili ya hati za kusafiria. Upande wa kushoto Mama aliweka viroba, kama alivyofanya kila mwaka. Mchele, sukari, sabuni za mche, kitenge cha Bibi, fulana ya Bibi ya baridi. Baba alipita katikati bila kutazama kushoto. Mama alipita bila kutazama kulia. Mimi na Manka tulijifunza kutembea kwa vidole. Chakula kiliivishwa, kikapakuliwa, kikaliwa, na kijiko kikianguka sote tulishtuka. Mama alisema neno moja tu juu ya jambo hilo katika mwezi mzima ule, siku alipokuwa akinisuka: kwamba ndugu wakigombana mtu achukue jembe akalime, na wakipatana achukue kapu akavune. Nilielewa kwamba yeye alikuwa ameshika kapu, anasubiri.

Baba alikuwa ametukataza kumwambia Bibi. Alitaka kumwambia mwenyewe, akasema, wakati ukifika. Wakati haukufika. Bibi alipopiga simu, Mama alijibu kwa maneno ya juu juu, kwamba wote wazima, biashara inakwenda, Mungu anasaidia. Jumamosi ya kwanza ya Desemba Mama alikwenda Feri kununua samaki akaisahau simu yake juu ya friji. Ikaita. Nikaona jina la Bibi, nikapokea.

Aliniuliza kama nimekua. Akanieleza kwamba tangu Krismasi ile anafuga mbuzi ndani ya nyumba yake mwenyewe, anamkatia majani kwa mkono wake, na mbuzi huyo ni wa baba yangu, hakuna atakayemgusa mpaka Baba afike. Kisha akauliza tunapanda basi lini. Sauti yake ilikuwa na furaha nyingi mno, nami nikashindwa kuubeba uongo. Nikamwambia, "Bibi, mwaka huu hatuji. Tunapanda meli."

Nilisikia kuni zikipasuka jikoni kwake.

"Baba yako ameyasema hayo kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi? Nafasi yangu ipo kwenye hiyo meli?"

Nikasema sijui. Akasema, "Haya, mjukuu wangu," na simu ikakatika. Nikairudisha juu ya friji palepale ilipokuwa, nikaweka hata kitambaa kama kilivyokaa. Sikumwambia mtu. Siku tano zilizofuata nilikuwa mtoto mwenye homa isiyopimika. Kila simu ilipoita nilikimbilia chumbani. Mwalimu alinirudisha nyumbani siku moja akidhani nina malaria. Baba alinishika paji la uso kwa mkono wake mkubwa, akaniambia nisiumwe sasa, zimebaki siku tisa. Nilitamani anichape badala ya kunihurumia.

Alhamisi, kama saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimekaa dukani juu ya ndoo iliyopinduliwa, ninafanya hesabu za shule. Baba alikuwa akimfungia mabeseni mteja mmoja, mama mnene aliyetoka Mbagala. Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Baba Mkubwa. Amevaa koti zito la Marangu katika joto la Dar es Salaam, jasho linamchuruzika masikioni, viatu vimejaa vumbi la safari. Hakuwahi kukanyaga duka lile hata siku moja. Nilimwamkia, akasema marahaba bila kunitazama. Baba, ambaye ni mdogo na ndiye aliyepaswa kuamkia, hakufungua mdomo. Aliendelea kuzungusha kamba kwenye mabeseni.

Baba Mkubwa alitoa gazeti kifuani, akalikunjua. Ndani yake mlikuwa na jani la isale lililofungwa fundo. Isale hupandwa mipakani mwa vihamba vyetu na juu ya makaburi yetu, na aliyekosa akikuletea jani lake kukuomba msamaha, huna ruhusa ya kukataa. Hata mimi mtoto wa Kariakoo nililijua hilo. Akalinyoosha kwa mikono miwili juu ya kaunta.

"Eliya, nilikukosea mbele ya watu. Nimekuja kukuomba mbele ya watu."

Baba alikaza fundo la kamba, akakata kwa meno, akamsogezea mteja mzigo wake. Yule mama hakuondoka. Bi Salma alikuwa amesimama mlangoni kwake na kanga mkononi. Mama alikuwa ameshuka ngazi hadi ile ya mwisho. Baba Mkubwa hakuishusha mikono yake.

"Mwaka mzima ulikuwa wapi?" Baba akauliza.

"Niliogopa utakataa."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa. Ila mama yetu hali chakula tangu Jumamosi, tangu alipoongea na huyu mtoto."

Macho yote yakanigeukia. Nikasimama, daftari likaanguka. Nililia huku nikisema yote kwa mkupuo, kwamba nilishindwa kudanganya, kwamba kuna mbuzi, na kwamba Bibi aliuliza kama ana nafasi kwenye meli nami nikamjibu sijui. Baba akanitazama. Sikuona hasira usoni mwake, niliona kitu kibaya zaidi, kama mtu aliyefika mwisho wa safari akakumbuka mlango aliouacha wazi. "Aliuliza hivyo?" akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Akafuta viganja kwenye suruali, akanyoosha mikono, akalipokea jani. Kisha akamuuliza kaka yake kitu ambacho ndicho nilichokielewa kuliko msamaha wowote: "Umekula?"

Sitasema kwamba nilifurahi. Baba alipobandua ramani aliivuta pembe moja moja, polepole, na gundi ikabaki na vipande vya bahari mlangoni. Ofisi ile ilikubali kubadilisha majina, na tiketi zetu nne zikawa za Bi Salma na mabinti zake, ambao hawakuwahi kuuona mji wa mama yao. Bi Salma alijifunika uso kwa mtandio akalia. Sisi tulipakia viroba. Marangu, Bibi alituhesabu vichwa. Mbuzi alipochinjwa, Baba Mkubwa aliita jina la Baba kwanza kabla ya lingine lolote, kwa sauti iliyofika kwa majirani, na Baba akala sehemu yake taratibu, akiwa ameinamisha kichwa.

Nilimfuata Bibi jikoni siku iliyofuata nikamuuliza kama bado anaitaka ile meli. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mimi na meli wapi na wapi? Naogopa hata daraja la mtoni. Nilitaka kujua tu kama mlinihesabu." Aliishi miaka mitatu zaidi, na katika miaka hiyo sikumsikia tena akiuliza swali hilo.

Nyumba yetu ya Mtaa wa Sikukuu ilivunjwa, limesimama jengo la ghorofa kumi na mbili, na kule Gerezani yanapita mabasi ya mwendokasi. Mimi nina watoto wawili na ninaishi Kinyerezi. Safari kama ile ya Baba, iliyomchukua miezi mitatu kuipanga, siku hizi naipanga kwa simu nikisubiri chai ichemke. Ukoo wetu nao unaishi kwenye simu, katika kundi la watu sitini na kitu. Tunapongezana, tunapeana pole, na mtu akiudhika hujitoa. Hutokea mstari mmoja mdogo wa kusema fulani ameondoka, kisha mazungumzo yanaendelea. Binamu yangu mmoja alijitoa mwezi uliopita baada ya maneno makali. Hakuna aliyepanda basi. Hata mimi sikupanda, ingawa binamu huyo ananipenda.

Wiki iliyopita niliona tangazo la safari ya meli ya Desemba, bandari zilezile. Baba sasa miguu inamsumbua, lakini nilijua bado anaitaka ngazi ile ya abiria. Nikajaza majina: yeye, Mama, mume wangu, mimi na watoto. Nikampigia kumpa habari nikitegemea atapiga kelele kama Manka alivyopiga siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimemwambia kaka yake.

Nikamwambia bado.

"Basi usinipigie mimi kwanza," akasema, akakata simu. Chai ilikuwa inamwagika jikoni. Nilizima jiko, nikakaa, nikaanza kuitafuta namba ya Baba Mkubwa.