Chai Haina Mvuke: Mjane Niliyemhamishia Mbweni

Assalamu alaikum. Jina langu lifichwe kama mnavyowafichia wengine. Nina miaka arobaini na saba, nimeolewa, na ni mwandishi wa habari hapa Unguja kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeandika mafuriko, moto na kesi za mahakamani, na sikuwahi kuona haja ya kurudi kuisoma habari niliyokwisha kuitoa. Sasa nimekosa utulivu kwa makala ya gemu.

Mhariri alinituma nikusanye maoni ya watu wanaocheza gemu moja ya upelelezi. Ni ya London ya zama za Malkia Viktoria: ukungu, magari ya farasi, na tajiri anayekufa mezani kwake. Mchezaji ndiye mpelelezi. Unawahoji watu wa nyumba, na mwisho unamtaja muuaji.

Dereva mmoja wa teksi, wa Vuga, aliniambia, "Gemu nzuri, ila nusu yake unatembea tu, kama umetumwa dukani." Mwenzake akamkata: "Huna subira wewe, ndio maana ulimfunga mpishi wa watu." Mwalimu mmoja wa Malindi alikasirishwa na mpelelezi mwenyewe. "Anaingia chumbani kwa watu bila hodi, anafungua makabati. Mimi nilimaliza, lakini kila mlango nikimpigia hodi kwa mdomo wangu."

Maoni bora kuliko yote alinipa mdogo wangu. Ana miaka thelathini na tatu, na mumewe amefariki miezi mitatu sasa. Anakaa eda Mkunazini, kwa mavyaa wake, mama wa marehemu. Hawakujaaliwa mtoto. Gemu hii walikuwa wakiicheza pamoja, yeye na mumewe, kesi moja kila Ijumaa, na marehemu aliondoka kesi ya mwisho haijamalizika. Mdogo wangu akaimaliza peke yake, mlango umefungwa, sauti imezimwa.

"Sikutoka nje, sikutia wanja, sikujifukiza udi," aliniambia. "Nlitaka tu kujua nani kamuua yule tajiri. Marehemu akisema ni mpishi."

"Kumbe nani?"

"Mkewe." Kisha akasema, "Uniandike, dada, lakini usinitaje. Wakijua nimo edani na gemu, sitapona kwa maneno."

Mimi maneno ya mtu siyagusi. Niliyaandika yalivyotoka: "Mimi mwenyewe nimo edani, basi yule mjane hakunipata. Siku ya pili tu wanja jichoni, na hadithi yake ya kuwa alikuwa jikoni, chai haina mvuke." Nilichobadilisha ni mtaa. Niliandika "mwanamke mmoja wa Mbweni" kwa sababu ni mbali na Mkunazini na hatuna jamaa kule. Huo ndio uongo wa kwanza kuuandika katika kazi yangu, na niliuona mdogo.

Siku ya tatu tangu makala kutoka, baada ya alasiri, mavyaa wake alinijia nyumbani na bintiye, yaani wifi wa mdogo wangu.

"Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Kahawa hakuigusa. Alimwambia bintiye asome. Wifi akasoma kwenye simu mpaka hapo penye "chai haina mvuke", akaishia hapo.

"Neno hilo la marehemu mwanangu," alisema Bimkubwa. "Tangu mdogo. Ukimpa hadithi asiyoiamini, atakwambia chai haina mvuke. Sijalisikia kwa mtu mwingine, hata kwa mkewe."

Mimi nilidhani ni neno la kwenye gemu.

"Huyo mwanamke wa Mbweni," akauliza, "anakaa eda ya nani?"

Wifi akacheka kicheko kikavu. "Na Jumamosi zote zile, Mbweni, Mbweni. Viyoyozi gani haviponi?"

Marehemu alikuwa fundi wa viyoyozi, na kweli alikuwa na kazi hotelini kule. Mimi najua hivyo. Wao sasa wanajua vingine.

"Kama alioa kwa siri, si wa kwanza," Bimkubwa aliendelea. "Mimi nauliza jambo moja. Ana mtoto? Akiwa naye, ni damu yangu."

Nilimjibu nilivyozoea kuwajibu polisi na mawakili: sisi hatuwataji waliotupa maneno. Alisimama, akajitengeneza buibui lake. "Basi mwambie simchukii."

Tangu siku hiyo ameshakwenda Mbweni mara mbili. Anapita nyumba kwa nyumba akimuulizia mwanamke aliye edani. Ametoa sandukuni kofia ya marehemu ya utotoni, ameifua na kuianika uani. Mdogo wangu anaiona kila akitoka kutia udhu. Alinipigia simu: "Dada, anamtafuta mtoto ambaye mimi sikumzaa." Nikamwambia niseme basi. Akakataa. "Zimebaki siku arubaini. Wacha nizimalize." Jana alinipigia tena, kwamba wifi amemwita marehemu mwongo mbele ya wageni, na yeye hakumtetea.

Nikisema, namvunjia ahadi mdogo wangu ndani ya nyumba asiyoweza kutoka. Nikinyamaza, marehemu anabaki na mke asiyemwoa, na mama mtu mzima anaendelea kugonga milango ya watu. Nimekwenda Mkunazini mara tatu. Nimefika mlangoni, sikupiga hodi, nimerudi.

Jambo la mwisho. Wifi anaufuata ukurasa wenu huu wa ushauri. Siku ile alipomaliza kunisomea makala yangu, niliuona kwenye simu yake. Na safari hii mitaa sikubadilisha hata mmoja.

Nishaurini, ndugu zangu. Nende nikamwambie Bimkubwa, au nshamwambia?