Kiti Kisichotaka Mto

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa sauti pekee nyumbani mwake. Mumewe alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akasahau kurudi. Mimba akailea peke yake, na mtoto naye akazaliwa kabla ya wakati, njiti, kana kwamba amesikia kuna kitu kinagawiwa duniani. Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Fundi hata huyo mwana hakupewa amlee. Mtoto alibaki hospitali kwenye mashine ya joto, na mama akawa anarudi nyumbani kila jioni mikono mitupu.

Upweke ule ndio ulioshona mto. Muuguzi alimwambia alete kiti cha mtoto cha gari, kwa kuwa siku ya kuruhusiwa wangeondoka kwa teksi. Fundi alikinunua, akakibonyeza, akakiona kigumu. Hawezi fundi kuona kitu kigumu akakiacha hivyo. Akashona mto mnene wa sponji wa kuweka mgongoni mwa mtoto, akautia nakshi za uzi wa buluu, huku akiuzungumzisha. Hakuna aliyemcheka, maana hakukuwa na mtu.

Siku ya ruhusa ikafika.

"Kwanza tumkalishe tuone anavyopumua," muuguzi alisema, akamfunga mtoto mikanda ya kiti, mto ukiwa mgongoni, na kumtia mguuni waya wa mashine ya kupima oksijeni. "Akiweza, mnaondoka. Asipoweza, anabaki."

Fundi alisimama kifua mbele kwa ajili ya mto wake. Haukupita muda mashine ikalia. Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi. Muuguzi akamnyanyua, na pumzi ikarudi.

"Mto huu umeushona wewe, mama?"

"Mimi."

"Umeshona vizuri. Lakini unamsukuma kichwa mbele, kidevu kinalala kifuani, hewa haipiti. Hawa wadogo hawana nguvu ya kujiinua. Usiongeze kitu ambacho hakikuja na kiti."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alirudi nyumbani na mto kwapani, akalia mpaka akashikwa na kwikwi, na hapakuwa na wa kumwambia basi, yaishe. Mto akautupa kwenye kigoda cha cherehani, aukalie mwenyewe.

Baada ya siku kadhaa wakajaribu tena. Safari hii kiti kililazwa nyuma kidogo, mikanda ikakazwa, na muuguzi mwenyewe akaweka vitaulo vilivyokunjwa, ubavuni tu, si mgongoni. Fundi hakukitazama kiti. Alikitazama kidevu. Mashine ilinyamaza mpaka muuguzi alipoizima mwenyewe.

Kiti kilifungwa siti ya nyuma ya teksi, mtoto akitazama nyuma. Dereva, mtu wa maneno mengi, akamfungulia Fundi mlango wa mbele.

"Kaa huku, mama, tupige soga. Huko nyuma utakuwa mpweke."

Fundi alikuwa ameshaingia nyuma, macho hayabanduki kwenye kidevu cha mwanawe.

"Mpweke nilikuwa jana," alisema.