Alama Zangu za Njia ya Baiskeli

Sogea, msikilizaji, nikueleze polepole nilivyojiaibisha Machame, usije ukafanya kama mimi. Nimezaliwa Moshi mjini na ninaongoza watalii kwa baiskeli za milimani. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kwanza kwenye njia mpya, na bosi alishasema nikiivuruga narudi kuosha baiskeli. Roho haikutulia. Njia ile hukatiza katikati ya migomba na ina kona nyingi, kwa hiyo Ijumaa nilikata matawi ya sale, mmea ulioota kila mahali huko, nikachomeka moja kila kona. Nikajiona mtaalamu!

Asubuhi tukaondoka, nami nageuka nyuma kila dakika, wageni wangu wasije wakapotea. Kona ya tatu tukakuta wazee wawili majirani wanafokeana, mmoja kashika jembe.

"Baba Ndeshi, umehamisha mpaka! Sale hili limeingia shambani kwangu hatua nne!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyelichomeka kwenye kahawa yangu!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huku sale ndilo linaloonyesha mpaka.

"Shikamooni, wazee," nikasema, nikijaribu kupita.

Dada mmoja kutoka Dodoma, mgeni wangu, akauliza kwa sauti: "Kaka, si hii ndiyo alama uliyotuambia umetuwekea?"

Wazee wote wawili wakanigeukia. Jembe nalo likageuka.

Basi, kabla hujachomeka chochote pembeni mwa shamba la mtu, piga hodi na umwulize mwenyewe.