Waridi la Tano

Jirani yangu mwanafalsafa hupanda ngazi za jengo letu polepole, akigonga ukingo kwa kidole na kunong'ona sentensi za mhadhara wake. Miaka mingi amewafundisha vijana wa Moscow kwamba aifiaye Urusi hafi. Rodion, mwana wa Zinaida wa ghorofa ya chini, alimsadiki, akaenda vitani, akarudishwa jenezani. Siku ya mazishi mwanafalsafa alileta mawaridi matano mlangoni kwa Zinaida, ilhali kwetu wafu hupewa maua ya idadi shufwa. Witiri ni ya walio hai.

"Rodion hajafa, Zinaida Pavlovna," alisema.

Zinaida alichomoa waridi moja, akamrudishia. "Mwanangu amekufa, Profesa. Hili kampe wako, yeye bado mzima."

Alilipokea, akapanda ngazi ameushika ukingo kwa mkono mzima, wala sikumsikia akinong'ona.