Rangi ya Kucha Kwenye Tangi la Maji

Mume wangu alimaliza chupa zangu tisa za rangi ya kucha, na mimi mwenyewe sidhani kama nilipata kupaka vidole kumi vikatimia. Nalisema hili mapema, ili anayetaka kumsifu ajue na hasara niliyoipata. Chupa tisa, nyekundu kwa zambarau, zote ziliishia kwenye lori.

Alikuwa dereva wa mizigo kwa miaka thelathini na mmoja, na kumi na sita ya mwisho aliendesha lori lile lile moja. Wenzake walimwita Mstari. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi na ufunguo haujaguswa, alifungua kifuniko cha mbele akatazama tangi dogo la plastiki linalolisha rejeta ya kupoza injini. Plastiki ile inapitisha mwanga, kwa hiyo maji unayaona kwa nje. Kuna mstari wa chini, kuna mstari wa juu, na yale maji ya kijani yanatakiwa yasimame katikati. Kila Jumatatu Mstari alichora alama pale yalipofika. Alitumia rangi ya kucha, maana kalamu, eti, hufutwa na joto. Jumanne akikuta yameshuka hata upana wa njiti ya kiberiti, haondoki mpaka ajue yamekwenda wapi.

Madereva wanaofungulia bomba na kujaza tu walimkera hadi anakosa hamu ya kula. Maji matupu yanaleta kutu ndani, alikuwa akituhubiria mezani, mimi na watoto, kana kwamba sisi nasi tuna rejeta. Dawa yake ya kupozea aliichanganya mwenyewe na maji safi, nusu kwa nusu, kwenye dumu lililoandikwa USINYWE. Na kifuniko cha tangi hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata aje nani. Alikuwa na kovu la ujana kwenye mkono wa kulia, na kovu hilo lilitosha kuwa somo kwa nyumba nzima.

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia mara nyingi kwamba angelioa lile tangi, mahari yangekuwa nafuu. Alicheka tu. Yadi ya malori iko ng'ambo ya barabara, mbele ya mlango wetu, na kila asubuhi nilivuka na chupa ya chai, tukabishana kidogo, akaondoka. Ndivyo tulivyopendana, kama kuna mtu anauliza.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Kwanza alimimina chai pembeni ya kikombe. Nikamfokea. Siku nyingine akavaa fulana ndani nje, akaenda nayo kazini. Halafu asubuhi moja, nimesimama na chupa yangu, akaniambia kama anayetania, "Hebu tazama wewe leo, yamefika wapi?" Nikatazama, nikamwambia. Kesho yake akauliza tena. Baada ya mwezi ikawa desturi: yeye anafungua, mimi nasoma. Angeweza kutia kidole ndani ya tangi akapima mwenyewe, lakini wenzake wangemwona, na Mstari wa kupima kwa kidole yadi nzima ingemjadili mpaka jioni.

Nilijua. Sitaki kujisafisha hapa. Nilijua kwamba mume wangu haoni vizuri, nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza. Nilimwogopa yule mtu ambaye angebaki nyumbani bila usukani. Nikajidanganya kwamba ukungu wake ni wa vitu vya karibu tu, kwamba barabara anaiona.

Kuna jambo alilonifundisha, nalo ndilo lililotuumbua. Tangi likizeeka, maji huacha doa pale yalipokuwa yakisimama miaka yote. Ukitazama haraka, doa linafanana na maji kabisa. Tangi linaweza kuwa kavu na wewe ukaapa limejaa. Kwa hiyo unapanda ngazi ya kabini, unalitikisa gari. Maji yatacheza, doa halitacheza.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimenuna. Nilikuwa nimeificha chupa ya kumi kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, kumbe ameshaivumbua na ameitia mfukoni. Nilivuka barabara nimekunja uso, nikampokonya rangi yangu, nikamkabidhi chai. Akauliza yamefika wapi. Nikainama kidogo, nikaona mstari umekaa sawasawa na alama ya Jumatatu. "Yapo, nenda," nikamwambia. Sikumwambia atikise. Nilikuwa na sufuria jikoni na hasira kifuani, nikageuka zangu.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa mtulivu kuliko kawaida yake.

"Mama watoto," akasema, "leo asubuhi yalicheza?"

Niliketi kwenye ndoo iliyokuwa karibu.

"Sikuangalia. Nadhani niliona doa."

Nikawa nasikia magari yakimpita.

"Basi wewe umeniacha mbali," akasema. "Mimi hata doa silioni tena."

Alinieleza yaliyotokea. Alikuwa na mazoea ya kuacha hita ya kabini wazi kidogo, ikimpulizia miguuni joto la maji ya injini, na wenzake walimcheka kwamba anajipika. Akiwa katikati ya mlima, na tani ishirini na nane mgongoni, ule upepo wa miguuni ukageuka baridi. Mshale wa joto ulikuwa haujasema kitu. Alisimama, akamwita mtu aliyekuwa kando ya barabara auangalie, naye akasema uko pale pale. Lakini Mstari alijua kwamba mshale hupima maji, na kama maji hayapo, unapima hewa. Akazima injini hapo hapo. Alingoja saa nzima ipoe, akafungua kifuniko kwa kitambaa, akatia kidole. Pakavu. Kwa kupapasa akaukuta mpira mmoja wa maji umelegea kwenye kibanio chake. Akaukaza, akamimina kutoka kwenye dumu polepole mpaka pakatosha. Injini ilikuwa salama, hata kuungua kidogo haikuungua.

Nikashusha pumzi. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nilimwambia arudi taratibu, tutanyamaza, hakuna atakayejua.

"Nilimwita mtu anisomee mshale wangu," akasema. "Kule chini ya mlima kuna shule, mama watoto. Kila siku napita pale. Kesho twende kwa bosi."

Lori lililetwa na dereva mwingine. Asubuhi tulikwenda, mimi nimevaa kitenge cha heshima. Mstari aliweka ufunguo mezani, akasema ameendesha bila macho kwa miezi minane. Nikasema tulikuwa wawili, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Bosi hakupiga kelele. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, akasema angekuwa anazika watu sasa hivi, na kwamba hataki kumwona Mstari ndani ya kabini tena maisha yake yote. Alikuwa na haki. Aliutia ufunguo kwenye droo akaifunga. Tulipokuwa tukivuka barabara kurudi, mume wangu alinishika mkono ili nimwongoze, mchana kweupe, mbele ya yadi nzima. Hakukuwa na la kuficha tena.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Kila alfajiri lori lile liliwashwa, naye alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda, akisikiliza. Hakulalamika. Afadhali angelalamika, ningepata mahali pa kumjibu. Nilimpeleka hospitali, wakampasua jicho moja, na daktari akasema litamfaa kusoma na kutembea, ila lori asahau. Siku bandeji ilipotoka alinitazama muda mrefu, akaniambia nimezeeka. Nikamwambia alipofuka wakati mzuri.

Jumatatu moja mlango ukagongwa. Alikuwa dada mmoja, rika la binti yetu mkubwa, amevaa ovaroli, kucha zimejaa grisi. Aliniamkia, akasema yeye ndiye dereva mpya wa lile lori, na kwamba anaomba rangi ya kucha.

Nilimtazama nisijue nicheke au nifunge mlango. Akaeleza kwamba amekuta tangi limechorwa mistari ya kila rangi, amemuuliza bosi ni ya nini, naye bosi amemwambia avuke barabara aulize. Hakuagizwa zaidi ya hapo. Nilipogeuka, Mstari alikuwa ameshavaa viatu, vimebadilishana miguu, na haniulizi chochote. Nikaenda kutoa chupa ya kumi, nikabeba na chupa ya chai.

Pale yadini yule dada alifungua kifuniko, akasimama pembeni. Mstari akamwambia apande ngazi alitikise. Madereva wawili watatu waliacha chai zao. Mume wangu akainama mpaka pua ikakaribia plastiki. Mimi sikulitazama tangi, nilimtazama yeye.

"Yanacheza," akasema.

Akaomba chupa ya rangi, akachora. Alama ikatoka imepinda, na hakuna aliyecheka. Kisha akashusha kidole chini kidogo ya alama mpya, kwenye utepe wa rangi ya chai uliotulia pale kwa miaka yote.

"Na hili ndilo doa," akasema. "Mama watoto, njoo uone."

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nililia, na chupa ya chai mkononi, mpaka yule dada akaja kunipokea hiyo chupa. Halafu nikainama kando ya mume wangu, mashavu yakagusana, nikalitazama vizuri, bila haraka, nikamwambia nimeliona.